Njia Iliyoishia Kwenye Kijito

Tangu nirudi mmeniuliza mambo mawili. La kwanza mnaliuliza kwa kelele, mkicheka: Ulaya ikoje? La pili mnaliuliza kwa sauti ya chini, na wengine hamlimalizi: kwa nini baba yangu amelala peke yake huku bondeni, kando ya kijito, wakati wazee wote wa ukoo wetu wako juu kilimani? Nitayajibu pamoja, kwa kuwa ni safari moja.

Mnanijua. Mimi ni fundi wa redio na vyombo vya sauti, mwenye diploma ya Bukavu. Sikusomeshwa na mjomba wala na misheni. Nilijisomesha mwenyewe kwa kutengeneza redio za watu kwenye veranda ya duka, na redio niliyoifungua mimi haijapata kurudi ikiwa kimya. Katika ukoo wetu ni mimi mwanamume wa kwanza kupanda ndege. Hayo ni kweli, nami siyafuti kwa sababu ya yaliyofuata.

Kwetu, mzee akifa, haendi kilimani kimya kimya. Binti mmoja wa ukoo hutangulia mbele ya jeneza, kuanzia ufukweni, na kila anapofika mahali penye jina huliita lile jina kwa lugha ya kwetu na kusema lililotokea pale: nani alikaa, nani aligombana, nani alizaa. Wanaume walio nyuma huitika kwa niaba ya mahali penyewe. Mahali ni tisa. Wito ni wa wanawake, kiitikio ni cha wanaume, na hakuna upande unaojua maneno ya mwenzake. Tunasema hivyo ndivyo njia inavyomtambua mtu. Asiyeitwa hufika kwa baba zake kama mgeni.

Aliyebaki akiujua wito wote alikuwa shangazi yangu Feza, dada wa baba. Naye alikuwa Brussels. Binti yake Aline alimpeleka huko kutibiwa miguu, wakakaa.

Baba alipoanza kushindwa kula, aliniita. "Uende kwa shangazi yako," alisema. "Ulete njia."

"Baba, nitaileta kwenye kaseti moja," nilisema. "Hata nusu ya kaseti inatosha."

Hakubisha. Alimtuma dada yangu Riziki ufukweni, akarudi na udongo ndani ya kopo la maziwa ya unga, na chupa ndogo ya maji ya kijito. "Umupe hii kwanza," baba alisema. "Mbele ya kumuuliza kitu."

Ziwani hadi Bujumbura

Boti ilikuwa iondoke asubuhi, ikaondoka siku ya tatu. Injini ilikuwa ikingoja kipuri, kipuri kikingoja mtu, na mtu, kama tulivyokuja kujua, alikuwa harusini. Nilikaa juu ya sanduku langu nikiwa na suti, kinasa sauti mapajani, nikila mihogo ya kuchoma na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mama mmoja muuza mafuta ya mawese aliniuliza kopo lile lina nini hata nalifunika kwa leso. Nikamwambia maziwa. Mnaona, nilikuwa nimeanza mapema kulionea haya.

Mezani pa forodha

Ya angani siwasimulii sana. Chakula kilikuja kwenye sahani yenye vyumba vyumba kama nyumba ya kupanga, na jirani yangu, mfanyabiashara wa kahawa, alikula changu pia nilipokuwa nikitafuta chumvi.

Kwenye uwanja wa ndege wa Brussels kulikuwa na kijana wa forodha, mpole kabisa. Alifungua sanduku langu, akatoa kopo, akalitikisa.

"Hii ni nini, bwana?"

Kifaransa ninacho, tena cha kutosha. Ningeweza kusema: ni udongo wa ufukwe wetu, nampelekea shangazi yangu mgonjwa. Lakini nyuma yangu walisimama watu wenye mikoba ya ngozi, na nilimwona yule wa kahawa akinyoosha shingo. Nikajiona nikisema mbele yao kwamba nimevuka dunia na diploma yangu nimebeba udongo.

"Si kitu," nikasema.

"Kama si kitu, kwa nini unakibeba?"

Hakuninyang'anya. Hilo nataka mlijue. Nilichukua kopo mwenyewe, nikalimimina kwenye pipa la takataka, na chupa ya maji nikaitupa juu yake. Nikajifuta mikono kwa leso. Kijana yule alinitazama, kisha akanirudishia lile kopo tupu. "Hili unaweza kubaki nalo," alisema.

Molenbeek, ghorofa ya nne

Nyumba ya Aline, mtaa wa Molenbeek, ilikuwa na vyumba viwili tu, kwa hiyo nilipangishiwa kitanda kwa masista karibu na Porte de Namur. Kutoka hapo hadi Molenbeek nilipotea mara mbili kwenye treni za chini ya ardhi, nikatokea mara moja mbele ya bucha la Wamorocco na mara moja mbele ya bucha hilo hilo.

Shangazi alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini. Miguu yake ilikuwa imevimba kama mihogo iliyolowekwa. Alinishika uso kwa mikono miwili.

"Ni weye kweli. Sura ya kaka yangu, lakini baba yako alikuwaka muzuri." Akacheka, kisha akaniachia. "Udongo iko wapi?"

Sikuwa nimeketi bado.

"Iko kwenye sanduku, shangazi. Kwa masista. Kesho nitaleta."

"Na maji?"

"Na maji."

"Maman, mwache akule kwanza!" Aline alisema kutoka jikoni. "Mutu anatoka Zaire, weye unamuuliza udongo. Muulize kama alileta ndagala!"

Tulikula fufu na sombe ya majani ya muhogo, na ndagala za ziwa letu lile lile, ambazo Aline alizinunua Matonge, mtaa wa watu wa kwetu, kwa bei aliyokataa kuitaja mbele ya mama yake. Aline alikuwa akiwatunza wazee wa Kizungu. "Ninaogesha ba mama ya watu mchana mzima," aliniambia, "halafu nakuya kuogesha yangu." Alilisema kwa kucheka, lakini macho yalikuwa na uchovu.

Baada ya kula niliweka kinasa sauti mezani, nikamweleza shangazi: hiki kitufe ni cha kunasa, hapa ndipo sauti inaingia, utasema mara moja tu na njia haitapotea tena milele.

Alikitazama kwa adabu. "Na nani ataitika?"

"Ataitika wapi?"

"Nikiita. Nani anaitika? Ile sanduku?"

Barabara ya Wavre

Kesho yake nilifanya jambo ambalo hata Riziki sikumweleza kwa muda mrefu. Nilikwenda Matonge, Chaussée de Wavre, kwenye maduka ya vitenge na vyakula vya kwetu, nikamtafuta muuza udongo. Mnaujua ule udongo mweupe wanaokula wanawake wajawazito. Unauzwa hata huko, umefungwa kwenye mifuko ya plastiki, kati ya pilipili na samaki wa chumvi.

"Ni ya madame?" mwenye duka aliniuliza, mama mnene mwenye miwani juu ya kilemba. "Mimba iko na miezi ngapi?"

"Si ya mimba, maman."

"Ah bon?" Aliwageukia wateja. "Basi, tonton, ni weye unabeba!"

Duka zima lilicheka, na mimi nikacheka nao ili nitoke haraka. Chumbani kwa masista niliusaga kwa kisigino cha kiatu. Ulikuwa mweupe mno. Nikachota udongo mweusi kidogo kwenye chungu cha maua dirishani, nikachanganya hadi rangi ikafanana. Nikajaza kopo. Maji nikakinga bombani.

Shangazi alilipokea kopo kwa mikono miwili, na kabla ya kulifungua aliinamisha kichwa. Alinusa. Akachukua punje moja, akaiweka kwenye ulimi. Mimi nilikuwa nikiweka kaseti kwenye kinasa sauti.

Alilifunika taratibu.

"Hii, wanawake ya Matonge wanaikulaka," alisema. "Na hii ingine ni ya maua." Hakupaza sauti. "Baba yako anaumwa sana?"

"Sana, shangazi."

"Na yeye njo alikutuma na hii?"

Shangazi aligeuza kiti chake kidogo kidogo kuelekea dirishani, na kwa miguu ile kilimchukua muda. Aline alinisindikiza hadi mlangoni.

"Ungesema tu ilipotea," alininong'oneza. "Angelia, angemaliza. Sasa utamwambia nini?"

Mlango wa chumba cha kumbukumbu

Kwa masista nilikuwa nakaa meza moja na mama mmoja mweusi wa miaka sitini hivi, Bibi Rita. Sista alituweka pamoja siku ya kwanza akisema kwa furaha kwamba sasa tutaweza kuzungumza lugha yetu. Bibi Rita alikuwa ametoka Australia. Ni mmoja wa wenyeji wa kwanza wa nchi ile, wale wanaoitwa Waaborijini, ingawa alisema watu wake wana jina lao wenyewe, kama sisi tulivyo na letu. Tulizungumza Kiingereza, ambacho nilijifunza kwa masomo ya posta. Mwanzoni alinisahihisha mara nyingi. Nilimsamehe.

Alikuwa amekuja kwa ajili ya sauti. Zamani Mzungu mmoja alimnasa bibi yake akisimulia habari za bwawa la maji na njia ya kulifikia, na rekodi ile, baada ya kuuzwa na kurithiwa, ikaishia kwenye jumba moja la makumbusho mjini humo. Yeye mwenyewe alichukuliwa na serikali kutoka kwa mama yake akiwa mdogo, akalelewa shule ambako kusema lugha ya kwao kulimletea mtoto kiboko.

"Sisi tulivikwa kibao shingoni kwa kosa hilo hilo," nilimwambia. Nilikuwa sijakikumbuka miaka mingi. Kibao kile kilining'inia shingoni mwangu wiki mbili, na baba alipokiona alisema kuanzia siku ile nyumbani tutasema Kiswahili, ili nisibaki nyuma. Sikubaki nyuma.

Aliniomba nimsindikize, kwa kuwa nilikuwa mtu wa vyombo. Nilijiandaa kuwaonyesha wale watunza kumbukumbu ufundi wangu. Lakini tulipofika mlangoni Bibi Rita alinigeukia. "Ngoja hapa. Hii si ya masikio yako."

"Mimi ni fundi," nilisema.

"Najua. Ngoja."

Nilikaa kwenye benchi nimekasirika. Kupitia mlango nilisikia mkwaruzo, kama mvua juu ya bati, na ndani yake mwanamke akiongea kwa haraka, kama anayemhimiza mtu atembee. Hata hicho kidogo nasikitika nilikisikia.

Alitoka akiwa na kitambaa mdomoni. Aliketi kando yangu.

"Nimeelewa maneno manne," alisema. "Yote ni majina ya mahali. Nimesimama hapo mahali. Mengine yote anayosema... anazungumza na ile nchi, si na mimi. Na humu ndani hakuna wa kumjibu isipokuwa ukuta." Alisema kwao mtu akifika kwenye nchi ya wazee wake huiita kwa sauti, ijue ni nani amekuja, na huiita kwa lugha yake. Yeye hulazimika kuiita kwa Kiingereza. "Naomba radhi kila mara," alisema.

Kisha alifungua mkoba, akatoa kikopo. Ndani kulikuwa na mchanga mwekundu. Alikuwa ameushika mkononi akisikiliza.

"Forodha walikuruhusu?" nikauliza.

"Waliniuliza ni nini. Nikawaambia. Ilichukua saa moja, wakaita mkubwa wao, nikamwambia na yeye." Aliinua mabega. "Kwa nini?"

Nikamweleza. Kopo, pipa, duka, chungu cha maua. Sijui kwa nini nilimweleza mgeni. Alisikiliza hadi mwisho bila kunionea huruma.

"Unataka kuchukua hadithi ya shangazi yako," alisema. "Umeiomba kwa nani?"

Niliwaza hata kumwomba punje za mchanga wake. Nadhani aliona, kwa sababu alifunga kikopo. "Huu haumjui," alisema kwa upole.

Kando ya mfereji

Nilikwenda Molenbeek moja kwa moja. Nilimwambia shangazi yote, nikiwa nimesimama, kwa Kiswahili kwa kuwa lugha ya kwetu sina. Nilipofika kwenye leso, nilivyojifuta mikono, alifumba macho.

"Ulisikia haya mbele ya watu," alisema.

"Ndiyo, shangazi."

"Haya ya udongo." Kisha akamwita Aline. "Dimanche, kisha misa, munipeleke kwa maji."

Jumapili tulimshusha ghorofa nne, ngazi moja moja. Mfereji wa Molenbeek ni maji ya kijivu kati ya kuta mbili, yenye mashua za mizigo. Shangazi aliuweka upande wa mkono wake wa kushoto, kama ziwa linavyokaa unapotoka ufukweni. Akavua viatu.

"Maman, baridi!" Aline alipiga kelele.

"Njia haiitwake na viatu."

Akatembea kwa fimbo, mimi nyuma nikiwa na kinasa sauti. Baada ya hatua kadhaa alisimama, na sauti iliyotoka sikuijua. Ilikuwa ya msichana. Aliita jina la kwanza, akasimulia, akanyamaza. Alingoja kiasi cha pumzi moja ndefu. Nilijua ananingoja mimi. Nilikumbuka tu mlio wa kiitikio nilipokuwa mtoto, baba na wenzake, kama ngoma mbali. Neno hata moja sikuwa nalo. Alipoona kimya, aliendelea.

Aliita la pili, la tatu, la nne. Kila mara alingoja ile pumzi moja. Mzee mmoja Mmorocco alitoka dukani, akatusalimu kwa salamu alaikumu, akadhani mama amepotea. Aline alipomweleza, alirudi ndani akaleta kiti, akakiweka nyuma yetu bila neno, akawa anakisogeza kila tulipokwenda.

Jina la tano aliliita karibu na daraja. Kisha akasimama, akatazama miguu yake.

"Hapa ni kijito," alisema. "Maji inapashwa kunishika miguu. Kisha najua."

Aline alifungua chupa ya maji, akammwagia vidoleni. Shangazi alingoja. Akatikisa kichwa.

"Shangazi, yataje tu manne yaliyobaki," nilisema. "Kama orodha."

"Orodha ni ya duka, mutoto yangu." Alikaa kwenye kiti cha yule mzee. "Mi siyaweke kichwani. Nayakuta kule. Nikifika, inakuya. Na hakuna mwenye kuitika. Nitavukaje?" Alilia, si kwa sauti. "Umwambie kaka yangu nilifika kwa maji."

Kurudi

Bujumbura nilikwama siku mbili, na boti ilinishusha nisipotarajia, kijiji kimoja kabla ya chetu, nikatembea. Baba alikuwa hai. Mifupa na macho, lakini hai.

Niliweka kinasa sauti juu ya kitanda, nikawasha. Sauti ya dada yake ilipoita jina la kwanza, alifungua macho. Shangazi akasimulia, akanyamaza, na katika ile pumzi moja, baba aliitika. Kwa sauti nyembamba, bila kukosea. Ndipo nilipofahamu ile nafasi shangazi aliiacha kwa ajili ya nani. La pili, akaitika. La tatu. La nne. La tano.

Kisha mkanda ukaendelea na mfereji: maji, mashua, sauti za Aline na shangazi. Nilinyoosha mkono nizime. Baba akainua kidole: acha.

Akangoja kidogo, akaitika tena. Akangoja, akaitika. Mara nne. Viitikio vinne vya mahali pane ambapo hakuna aliyepaita, kimoja baada ya kingine, hadi kilimani.

Kinasa sauti changu hakiwezi kucheza na kunasa kwa wakati mmoja. Kitufe chekundu kilikuwa chini ya kidole changu. Ningeweza kumsimamisha shangazi nikamnasa baba. Mimi, fundi, nililijua hilo pale pale, na sikuweza kumkata dada yake katikati. Nilijiambia nitamwomba kesho. Kesho yake sauti haikuwapo tena, na siku ya tatu baba hakuwapo. Barua ya Aline ilifika baada ya matanga: shangazi naye alikuwa ametangulia, na amezikwa kule kule.

Mlikuwapo mazishini, basi mliyaona. Riziki alitangulia, akaita majina matano aliyojifunza kwenye kaseti, na wazee wawili waliobaki waliitika kadiri walivyokumbuka. Kijitoni akasimama, maji yakiwa kwenye vifundo. Mmoja wenu alisema tupande tu, Mungu anaelewa. Mzee Bilali akasema, "Tumpeleke kwa baba zake kama mgeni? Mimi sibebi." Tukaliweka jeneza chini, na hapo ndipo alipo.

Majina siyaandiki hapa. Anayeyataka aje, tutatembea, Riziki akubali kwanza. Na mkipita bondeni, msiseme tulikosa nguvu za kupanda mlima. Msalimuni baba, kwa lugha ya kwetu kama mnayo, halafu mngoje kiasi cha pumzi moja kabla ya kuvuka.